Kupakua

Bi Theofrida Ndunguru aliniuliza,
"Hicho unachosema watu watapakua,
kimo kwenye sufuria gani?"

Nilikuwa nimekalia ndoo ya rangi,
Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
kinasa sauti juu ya gunia la mkaa,
na ng'ambo ya ukuta jirani anakuna nazi,
mbuzi yake ikikwaruza, kru, kru.
Hadi leo yumo, yule jirani, nyuma ya kila neno.

Nikamwambia: mimi napakia, wao wanapakua.
Alicheka mpaka kikohozi kikamshika.
"Kupakia nakujua. Mume wangu kapakia
marobota ya mkonge stesheni ya Ngomeni
hadi mgongo ukasafiri na mzigo.
Hakuna aliyempakulia kitu."

Kikohozi sikukifuta.
Nilifuta honi ya bodaboda, nikajuta, nikairudisha.

Walishuka garini wawili, kutoka Umatengo,
wakapewa namba kabla ya kupewa maji.
Kasiani akawa elfu mbili mia nne na sita.
"Nikimwita kwa jina, wenzake wananicheka.
Basi nikajifunza kumwita Sita,
na usiku tu, kibatari kikizimwa,
Kasiani."

Kipande kilikuwa kadi, visanduku thelathini,
siku thelathini za kukata majani ya miiba,
karani achore alama, au asichore.
Na mimi kazi yangu ni kukata sauti vipande:
cha kwanza, cha pili, cha tisa,
nakipa kila kimoja tarehe na jina,
huku naogopa mkono wangu usije ukawa wa karani.

Katika cha kumi na nne alimtaja
mtu aliyeruka siku tisa za Kasiani mwezi wa masika.
Jina lake. La baba yake. Nyumba aliyojenga baadaye.
Kisha akanyamaza, akauangalia ukuta.
Mjukuu wa yule karani ndiye anayekuna nazi.
Mwanamkasi. Ndiye amleteaye uji homa ikimlaza.

"Hilo jina liondoe."
Nikaandika: liondolewe.
Nimeshavaa viatu, akaniita tena.
"Lakini usipaunganishe. Acha pengo kama la jino.
Atakayesikiliza ajue hapa palikuwa na mtu."

Kimya kitupu kilisikika kama kifaa kimeharibika.
Nikaazima mkwaruzo wa dakika nyingine,
nikautandika humo, sekunde saba,
nazi ya mjukuu juu ya jina la babu.
Sijui kama nilifanya haki. Nilifanya hivyo.

Nikapakia saa nane usiku, bando likiwa rahisi.
Duara likazunguka, asilimia tisini na nane,
likagoma hapo kama gari moshi lililokosa kuni.
Asubuhi wasikilizaji watatu.
Wawili ni mimi.

Wiki ya sita ukaja ujumbe kutoka Mbamba Bay,
fundi wa injini, maandishi bila nukta:
Kasiani ni kaka wa babu yetu sisi tulizika shati lake
tukaweka na jiwe leo nimesikia alikula nini
alilala wapi nani alimpenda
naomba kuuliza pale kwenye kipande cha kumi na nne
ni nini kinakwaruza

Nilimsomea Bi Theofrida. Akataka nirudie.
Nikarudia. Akataka nirudie jina peke yake,
mchana kweupe, mlango wazi.
Kasiani, nikasema. Kwa sauti, akasema.
Kasiani!

Mwanamkasi akaingia na sufuria la wali,
mvuke umemfunika nusu ya uso.
"Kasiani ndiye nani?"

Bi Theofrida akasogea mkekani,
akapiga-piga nafasi iliyo wazi kando yake.
"Pakua kwanza," akamwambia.
"Halafu kaa."

Mkono wangu ulikuwa juu ya kinasa sauti.
Sikukiwasha.